Mkate Upi? Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Tafiti za Lishe na Sera za Chakula

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akiketi mbele ya watu wasiomfahamu na kuwauliza walikula nini jana. Kazi ya mdodosaji wa lishe haina sifa, na jina lake halionekani kwenye jedwali la mwisho. Lakini kila asilimia mnayoisoma katika ripoti kuhusu vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi (vya kiwandani, vyenye viambato visivyopatikana katika jiko la nyumbani) na magonjwa ya moyo, kisukari au saratani ilianzia kwenye mazungumzo ya namna hiyo, baina ya mtu anayejaribu kukumbuka na mtu anayejaribu kuandika. Ninalo jambo moja la kuwaeleza. Dodoso tunalopewa huuliza jina la chakula, ilhali kile mnachotaka kukijua kimo katika orodha ya viambato vyake, na pengo hilo lisipozibwa mtaendelea kutunga sera kwa takwimu ambazo zenyewe hazijui zimepima nini.

Chukueni mkate. Mtu akiniambia alikula vipande viwili asubuhi, naandika “mkate, vipande viwili”, kisha naendelea na chai. Mkate wa unga, maji, chumvi na hamira huhesabiwa kuwa chakula kilichosindikwa cha kawaida, wakati mkate ulioongezewa emulsifaya (kiongezwa kinachounganisha mafuta na maji), sharubati ya glukosi na vihifadhi huingia katika kundi la vilivyosindikwa kupita kiasi. Kwenye fomu yangu mikate hiyo miwili ni mstari mmoja. Atakayeamua ulikuwa mkate gani ni mtaalamu aliye mbali, baada ya miezi au miaka, ambaye hakuiona pakiti wala hakuzungumza na mlaji. Nakumbuka siku ambapo mama mmoja aliniuliza kama aniletee karatasi ya kufungia aliyokuwa ameitupa, ili nione kilichoandikwa. Nilimshukuru nikamwambia haina haja, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuyaandika hayo. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa mwongozo wa kazi, na hadi leo linanikera.

Tuwe waadilifu kwa waliotangulia. Hoja kwamba usindikaji wenyewe unaweza kuwa na uzito katika afya kuliko virutubisho kimojakimoja ilitolewa mwaka 2009 na Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, na kutokana nayo ukazaliwa mfumo uitwao Nova, ambao leo huvigawa vyakula katika makundi manne: vile ambavyo havijasindikwa au vimesindikwa kidogo tu, viungo vya kupikia kama mafuta, sukari na chumvi, vilivyosindikwa kwa kuchanganya makundi hayo mawili, na vilivyosindikwa kupita kiasi, ambavyo hutengenezwa kwa viambato vya kiwandani ambavyo mpishi wa nyumbani hana kabatini mwake, pamoja na rangi, vionjo na vitu vingine vya kukipa chakula mvuto. Brazili ilitia mtazamo huo katika mwongozo wake wa taifa wa ulaji mwaka 2014. Nova ilituwezesha kuuliza swali ambalo hesabu ya mafuta na vitamini haikuweza kulijibu. Tatizo ni kwamba swali jipya lilipelekwa kwenye majibu ya zamani.

Utafiti wa wauguzi wa Marekani, ambao takwimu zake bado zinachambuliwa, ulianza mwaka 1976, na dodoso lake la kwanza la chakula, lenye orodha ya vyakula 61, lilitumwa mwaka 1980. Lilitungwa ili kukadiria virutubisho, na kwa kazi hiyo halikuwa na sababu ya kumuuliza muuguzi viambato vya mkate wake. Karibu miaka thelathini baadaye ndipo wazo la Nova lilipojitokeza. Tafiti nyingi zinazotajwa leo katika mjadala huu ziko katika hali hiyohiyo: majibu ya zamani yamefunguliwa upya na kupangwa katika makundi ambayo aliyeuliza hakuyafikiria na aliyejibu hakuyasikia. Kwa soda hakuna taabu kubwa, kwa kuwa soda ni soda. Kwa mkate, mtindi, nafaka za asubuhi, supu na michuzi ya chupa, kila upangaji una chembe ya kubahatisha, na vyakula hivyo si vichache kwenye sahani za watu.

Wala msidhani kwamba kuwa na pakiti mkononi kunamaliza ubishi wote. Mwaka 2022 kulichapishwa jaribio lililofanyika Ufaransa, ambamo wataalamu wa chakula na lishe waliombwa kuvipanga vyakula katika makundi manne ya Nova. Walipewa vyakula 120 vya sokoni pamoja na orodha ya viambato vyake, na vingine 111 kwa majina ya jumla tu. Kipimo cha makubaliano, ambacho 1 humaanisha kukubaliana kabisa na 0 humaanisha kukubaliana kwa bahati nasibu, kilitoka takriban 0.3 kwa orodha zote mbili. Kuna wanaolitumia jaribio hilo kudai kwamba dhana nzima ni batili. Mimi nalisoma kwa namna nyingine: wataalamu wakitofautiana kiasi hicho, basi kanuni za upangaji ziandikwe kwa kina, zichapishwe, na kila chakula kipangwe na watu zaidi ya mmoja, kila mmoja peke yake bila kuona jibu la mwenzake, kama ilivyo desturi katika kusoma picha za eksirei kwa ajili ya utafiti.

Kisha kuna suala la kigawanyio, ambalo katika ripoti hupita kwa sentensi moja ingawa linaweza kugeuza matokeo yote. Ripoti husema kwamba asilimia fulani ya mlo wa mtu ni vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, lakini ni asilimia ya nini? Nchini Marekani na Uingereza, tafiti za kitaifa zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nishati ambayo watu huipata hutoka kwenye vyakula hivi. Hapo kipimo ni kalori. Utafiti mkubwa wa Ufaransa wa NutriNet-Santé, ulioanza mwaka 2009, ulipochambua magonjwa ulitumia uzito wa chakula. Fikirini watu wawili ambao kila mmoja hutumia kilokalori 2,000 kwa siku, na ambao chakula na vinywaji vyao vina uzito wa kilo mbili. Wa kwanza hunywa nusu lita ya soda isiyo na sukari, na vingine vyote anavyokula ni vya kupika nyumbani. Kwa kalori, mchango wa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi katika mlo wake ni sifuri. Kwa uzito ni robo nzima. Wa pili hali wala hanywi kitu cha kundi hilo isipokuwa gramu 100 za biskuti, zenye kilokalori zipatazo 480. Kwa kalori yeye yuko kwenye asilimia 24, na kwa uzito yuko kwenye asilimia tano. Ukibadilisha kigawanyio, mlaji mkubwa anakuwa mdogo na mdogo anakuwa mkubwa, ingawa hakuna aliyebadilisha hata tonge. Zipo sababu nzuri za kutumia uzito, hasa kwa kuwa vitamu bandia na viongezwa vingine havina nishati ya kuhesabiwa, na zipo sababu nzuri za kutumia kalori. Nisichokiona ni sababu ya kuchapisha kimoja na kukificha kingine.

Kuhusu kumbukumbu sitasema mengi, kwa kuwa mnayajua. Watu husahau vitu vya kutafuna baina ya milo kuliko wanavyosahau chakula cha jioni, na vitu hivyo vya kutafuna ndivyo mara nyingi vilivyosindikwa kupita kiasi. Vipimo vya nishati inayotumiwa na mwili, vinavyofanywa kwa kumnywesha mtu maji yaliyotiwa alama ya isotopu (aina ya atomu inayoweza kufuatiliwa mwilini), vimeonyesha mara kwa mara kwamba watu hutaja chakula pungufu ya wanachokula, na kwamba upungufu huo huwa mkubwa zaidi kwa watu wanene. Makosa yangekuwa ya kubahatisha tu, mara nyingi yangeufifisha uhusiano kati ya chakula na ugonjwa, na tungeweza kujifariji kwamba ukweli ni mkubwa kuliko takwimu. Lakini kosa linalofuata uzito wa mwili huenda upande mmoja, na uzito huohuo unahusiana na takriban kila ugonjwa mnaouchunguza. Hapo hakuna faraja.

Pamoja na hayo yote, sisemi kwamba ushahidi ni mtupu. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, waliwaweka watu 20 hospitalini kwa wiki nne, wiki mbili wakipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na wiki mbili visivyosindikwa. Milo yote ilipangwa iwe na sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi kwa viwango vinavyolingana, na kila mtu aliruhusiwa kula hadi atosheke. Katika wiki za vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walikula kilokalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka wastani wa kilo 0.9, katika wiki nyingine walipungua kiasi hichohicho. Hilo ni jaribio, si dodoso: chakula kilipimwa kwa mizani kabla hakijaliwa na mabaki yakapimwa baadaye. Mwaka 2025 jaribio lingine lilichapishwa, la watu 55 nchini Uingereza, ambapo aina zote mbili za mlo zilifuata mwongozo rasmi wa ulaji bora na kila moja ililiwa kwa wiki nane. Washiriki walipungua uzito kwa milo yote miwili, lakini kwa mlo uliosindikwa kidogo walipungua takriban asilimia mbili na kwa ule uliosindikwa kupita kiasi asilimia moja. Mkiyasoma majaribio haya kwa pamoja mtaona kwamba usindikaji una athari yake, na kwamba ubora wa virutubisho nao haujaacha kuwa na maana.

Majaribio hayo, hata hivyo, ni ya wiki chache na yanapima uzito wa mwili. Kwa magonjwa yanayochukua miaka kujitokeza tunarudi kwenye madodoso. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2024, yaliyojumlisha chambuzi 45 zenye karibu washiriki milioni 10, yalipata kwamba 32 kati ya hizo zinahusisha ulaji wa vyakula hivi na madhara ya kiafya, na ushahidi wake ulikuwa na nguvu zaidi kwa vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa, kisukari aina ya pili na matatizo ya wasiwasi. Katika NutriNet-Santé, uliochambuliwa mwaka 2019 kwa watu zaidi ya 105,000, kila ongezeko la pointi kumi za asilimia katika sehemu ya vyakula hivi mloni (mathalani kutoka asilimia 20 hadi 30) lilihusishwa na ongezeko la asilimia 12 la magonjwa ya moyo na mishipa. Asilimia 12 hiyo ndiyo iliyoenda kwenye vichwa vya habari. Kilichobaki ndani ya jedwali ni kwamba miongoni mwa walaji wakubwa waliugua 277 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na miongoni mwa walaji wadogo 242. Tofauti ya watu 35 si ndogo mkiizidisha kwa idadi ya watu wa nchi nzima, lakini mwananchi anayesikia “asilimia 12” bila kusikia “35 kwa 100,000” huondoka na picha isiyo na ukubwa wake.

Sasa naomba mtulie kidogo juu ya utafiti mmoja ambao, kwa maoni yangu, ungepaswa kusomwa kwa sauti katika kila kikao chenu. Mwaka 2023 watafiti wa EPIC, utafiti wa muda mrefu unaofuatilia watu wa nchi kadhaa za Ulaya, walichunguza saratani za kichwa, shingo na umio kwa washiriki zaidi ya 450,000 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka ipatayo 14. Walipata uhusiano: ongezeko la pointi kumi za asilimia katika sehemu ya vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi lilikwenda sambamba na ongezeko la asilimia 23 la saratani za kichwa na shingo, na unene wa mwili ulieleza sehemu ndogo tu ya uhusiano huo. Wangeweza kuishia hapo na kupongezwa. Badala yake wakachukua kitu ambacho hakuna mwenye akili timamu angedhani kinasababishwa na biskuti, yaani vifo vya ajali, wakakitia kwenye hesabu ileile. Nacho kikaonyesha uhusiano. Watafiti wenyewe wakaandika bayana kwamba hiyo ni dalili ya mambo mengine yanayoingilia hesabu, pengine uvutaji wa sigara, kipato, au namna ya maisha ambayo dodoso halikuishika vizuri. Uungwana wa aina hiyo ni adimu, na haugharimu chochote, kwa kuwa takwimu za vifo vya ajali tayari zimo kwenye kanzidata zenu.

Kuna jambo la pili ambalo jumla kubwa hulifunika. Uchambuzi wa mwaka 2023 wa tafiti tatu za wahudumu wa afya wa Marekani ulikuta kwamba ulaji wa jumla wa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi unahusiana na kisukari aina ya pili. Lakini ulipovigawa vyakula hivyo kwa aina zake, vinywaji vyenye sukari au vitamu bandia na vyakula vya nyama vilikuwa upande wa hatari, ilhali nafaka za asubuhi, mikate ya nafaka isiyokobolewa na mtindi vilihusishwa na hatari ndogo zaidi. EPIC nayo, ilipochunguza watu waliopata zaidi ya ugonjwa mmoja sugu, ilikuta vinywaji na bidhaa za wanyama vikijitokeza, huku mikate na nafaka zikikosa uhusiano huo. Je, mkate huo wa nafaka isiyokobolewa unaonekana salama licha ya emulsifaya zake, au ni kwa sababu nusu ya mikate iliyohesabiwa haikuwa nazo? Hakuna anayeweza kunijibu kwa takwimu zilizopo, na sababu ni ileile niliyoanza nayo. Hatukuuliza.

Dalili njema ipo, nayo inatoka maabara. Mwaka 2025 watafiti wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani walichapisha kazi iliyotumia damu na mkojo wa watu 718 waliorekodi mlo wao mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Walikuta mamia ya kemikali za umetaboli, yaani zinazotokana na mwili kukitumia chakula, zinazopanda au kushuka pamoja na ulaji wa vyakula hivi, wakachagua 28 za damu na 33 za mkojo na kuunda alama ya jumla kwa kila kimoja. Kisha wakazijaribu alama hizo kwa watu 20 wa jaribio la hospitalini, zikaweza kutenganisha kipindi cha mlo wenye asilimia 80 ya nishati kutoka vyakula hivi na kipindi cha mlo usio navyo kabisa. Nawasihi msilipokee hili kama mbadala wa dodoso. Kutenganisha 80 na sifuri ni kazi rahisi kuliko kutenganisha 30 na 40, ambako ndiko watu wengi walipo, na alama iliyofunzwa kwa ulaji wa taifa moja inaweza kusoma vibaya ulaji wa taifa jingine. Faida yake ni kwamba ina makosa ya aina tofauti na ya kumbukumbu. Vipimo viwili vyenye makosa tofauti, vikiwekwa pamoja, vinaweza kusahihishana. Vipimo viwili vyenye kosa moja haviwezi.

Ninachowaomba, basi, si utafiti mpya wa mamilioni. Kwanza, kila dodoso jipya lichukue viambato vya vyakula vya pakiti, kwa picha ya lebo au kwa barkodi, na panapokosekana vyote viwili mdodosaji aandike kuwa hajui badala ya kuacha mtaalamu wa mbali akisie. Watengenezaji watakiwe kisheria kukabidhi orodha za viambato zikiwa na tarehe, na zitunzwe, maana bidhaa hubadilishwa ndani huku jina na rangi ya pakiti vikibaki vilevile, na utafiti wa miaka kumi usio na kumbukumbu hizo unalinganisha vitu viwili kwa jina moja. Kila ripoti itoe matokeo kwa uzito na kwa kalori, kwa jumla na kwa aina za vyakula, na itaje idadi halisi ya wagonjwa kando ya asilimia. Kipimo cha kujikagua kama kile cha vifo vya ajali kiwe sharti la kupata fedha za utafiti. Na kwa sehemu ndogo ya washiriki, hata mmoja katika kila hamsini, zichukuliwe damu na mkojo pamoja na dodoso lililorudiwa mara kadhaa, ili makosa ya dodoso yajulikane ukubwa wake badala ya kuombewa msamaha kwenye aya ya mwisho.

Najua barua hii inaweza kutumiwa na wale wanaotaka lisifanyike lolote hadi kila neno lipate ufafanuzi. Niseme wazi kwamba siko upande wao. Nyama zilizosindikwa ziliwekwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2015, na uamuzi huo haukuhitaji Nova. Madhara ya vinywaji vyenye sukari nyingi nayo yanajulikana kwa njia nyingine nyingi. Hatua kuhusu vitu hivyo viwili zichukuliwe bila kusubiri dodoso langu. Yanayosubiri ni yale mengine mengi yaliyotiwa kapu moja navyo, ambayo huenda mnawatisha watu bure kuyahusu, au huenda mnawatuliza bure.

Mtakapoketi kuandaa toleo lijalo la dodoso, iteni angalau mdodosaji mmoja kwenye chumba hicho, na mtuachie mistari miwili mitupu chini ya neno “mkate”.

Wenu mtiifu,
Mdodosaji wa tafiti za lishe